Wino Mwekundu wa Mkaguzi

Mkaguzi wa vitabu wizarani hulamba kidole, hufunua ukurasa, kisha hukata neno kwa wino mwekundu, mara tatu, mpaka lisisomeke. Pembeni huandika kwa mwandiko wa kupendeza: "Maadili." Mwalimu aliyetunga kitabu hicho cha somo jipya la afya na mahusiano amepigwa danadana mara nne sasa; anamtazama kwa hasira.

Simu ya mkaguzi ikalia. Sauti ya binti yake ikasikika mpaka ng'ambo ya meza: "Baba, natoka damu! Nakufa?"

"Hufi, mwanangu. Msubiri mama yako."

"Lakini ni nini, baba?"

Mwalimu akamsukumia mkaguzi ukurasa wa hedhi. "Msomee basi, mzee!"

Mkaguzi akavaa miwani, akainama. Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu; hakuambulia hata neno moja.