Sauti Isiyo na Kitufe

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa mbele ya kompyuta nimevaa suruali ya kanisani. Mkuu wa Chumba cha Noti, ofisi ya kuchapa nyimbo huko Mbozi, alinipa wimbo wa kwaya ulioandikwa kwa mkono, niuchape kwenye mistari mitano ya muziki. "Ukikosea noti moja, kijana," alisema, "kwaya nzima italiimba kosa lako, tena wamevaa majoho." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kazi yenyewe ni hii: unapanga noti kwenye programu, kisha spika inakusomea ulichoandika. Nyimbo za kwaya zilikaa vizuri humo, maana kila sauti yake ina kitufe kwenye kinanda.

Nilipohamishiwa tawi la Tunduma alikuja Bi Zuhura, mwimbaji wa kasida. Kwa mjomba wake alijifunza makamu, yaani ngazi za sauti za Waarabu na Waturuki. Alikuwa anasubiri upasuaji wa koo, na madaktari hawakumwahidi sauti. Alitaka wimbo aliotunga umfikie binti yake Rehema, anayesoma muziki Lusaka. Alipojirekodi kwa simu, ilinasa mkwaruzo tu.

Aliimba polepole. Noti ya tatu nikaandika mi, ile ya do-re-mi.

"Juu mno, baba."

Nikaweka flati, alama inayoshusha nusu hatua.

"Sasa umenizika kabla ya daktari."

Alichotaka kilikuwa katikati. Meneja wa Tawi akachungulia. "Yohana, weka flati ya kawaida, mama aende. Nani Tunduma hii atajua?"

"Mimi," Bi Zuhura alijibu bila kugeuka. "Kwani wewe meneja unaimba wapi?"

Programu ilikuwa na flati iliyokatwa kistari, ambayo Waarabu huitumia kushusha robo hatua. Nikaiweka, nikabonyeza. Spika ikapiga mi ileile. Alama ilikuwa picha tu! Nilitoka jasho nikimfikiria Rehema akijifunza wimbo kwenye spika ile, wakati mama yake hawezi tena kumsahihisha.

Ilibidi niishushe sauti yenyewe kidogo kidogo, nikitazama nyusi za Bi Zuhura. Malori ya foleni ya mpaka yakiunguruma, tunasubiri. Hatimaye akaitikia kwa kichwa. Kisha wimbo ulipoanza kuteremka, akanishika mkono: "Hapa inachoka. Ishushe zaidi." Nikaanza upya.

Alirudi kutoka hospitali na mnong'ono tu. Rehema akaja, akaisikiliza spika, kisha akasimama katika chumba chetu cha kazi na karatasi, akaimba. Mimi nilimtazama mama. Ilipofika noti ya tatu, Bi Zuhura akainua mkono.

"Rudia."

Rehema akarudia.

"Tena."

Nikashika kipanya. "Mama, nirekebishe wapi?"

"Usiguse," alinong'ona. "Nataka kusikia tu."

Sasa nimestaafu, nalima kahawa Ihanda. Wachapaji vijana wana programu bora kuliko yangu, na huniuliza hofu ya kukosea noti huisha lini. Nawaambia ukweli. Rehema alipoimba mara ya tatu, mama yake amefumba macho, machozi yanamtoka, mimi nilikuwa bado nimeshika kipanya, tayari kuishusha noti.