Wastaafu wa Koridoni

Mke wangu anapenda wanaume saba, na wote nawajua kwa sura. Ni vijana wa Kikorea wa muziki wa K-pop, ngozi laini, viuno vyepesi. Mimi ni fundi bomba mwenye tumbo, na magoti yangu yamechoka kwa kupiga magoti chini ya masinki ya watu.

Mambo yalianzia kazini kwake. Yeye ni mwalimu wa chekechea, na mwaka ule alikuwa anatafuta mtindo wa kuwachezesha watoto siku ya kufunga shule. Mwalimu mwenzake akamwonyesha video kwenye simu. Watoto wakacheza, shule ikafungwa, watoto wakasahau. Mwalimu wao hakusahau. Juma lililofuata picha kubwa ya kijana mmoja ilikuwa kwenye mlango wa kabati letu la nguo, ikinitazama kila ninapovua suruali.

Jina lake sijawahi kulitamka likatoka sawa, kwa hiyo nilimwita Kidevu, maana alikuwa nacho, tena kimechongoka. Nilimchukia. Mtu mzima, nimeoa, nabishana na karatasi.

"Huyu hata spana hawezi kushika," nilisema.

"Na wewe hata kiuno huwezi kukizungusha," mke wangu akajibu. "Kila mtu na kazi yake."

Kisha Kidevu akavunjika kifundo cha mguu. Akawa anaimba ameketi kwenye kiti, wenzake wanaruka pembeni yake, na mke wangu analia kwenye kochi kama aliyefiwa. Hapo ndipo nilipoingia mtegoni bila kujua. Nikawa nikirudi kazini, hata viatu sijavua, nauliza: "Mguu wake vipi?" Siku aliposimama akacheza tena, nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Kuingia chumbani kumpa hongera, mke wangu anabandua picha yake kabatini.

"Unampeleka wapi?"

"Koridoni."

"Mwenzio ndiyo kwanza amepona!"

"Ndiyo. Hongera zake."

Kabatini akapanda Pinki, jina nililompa kwa ajili ya nywele. Huyu sauti ilimkatika mbele ya uwanja mzima, na dunia ikamcheka. Mimi pia nilimcheka, kisha nikamwonea huruma, kisha nikazoea kumwamkia asubuhi. Alipokuja kuipandisha sauti ileile mpaka juu bila kuyumba, tulikumbatiana, mimi na mke wangu. Kesho yake, koridoni. Akafuata Mzee, kiongozi wao, aliyeitwa jeshini akanyolewa kipara. Aliporudi nywele zimeota na mabega yametanuka, mwanamume hasa, naye akaungana na wenzake pale kati ya mlango wa choo na swichi ya taa.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Kila asubuhi nikienda kunawa napita mbele ya watu niliowazoea, waliotupwa bila kosa. Mwanamke gani huyu, mtu akianza kung'ara tu anamchoka?

Nilimsimulia fundi mwenzangu tukiwa tumelala chali chini ya sinki la mteja. Akacheka mpaka spana ikamwangukia kifuani.

"Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji," akasema. "Watatu wameshatoka. Anayefuata unadhani nani?"

Nikatia maji. Nilinunua mashati yanayobana, nikaanza kujipaka manukato, nikapunguza chakula, nikawa najifunza kuzungusha kiuno bafuni huku nimeshikilia ukuta. Tumbo likarudi nyuma kidogo, hata mke wangu alikubali. Fundi mwenzangu alilalamika kwamba nanukia kama bibi harusi na hawezi kufanya kazi. Nilijiona nimependeza, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, maana kule kwetu waliopendeza nilijua wanaishia wapi.

Jumamosi moja nikarudi nyumbani, nikawasha taa ya koridoni, moyo ukanipasuka. Picha yetu ya harusi, iliyokaa sebuleni tangu tuhamie, ilikuwa imetundikwa pale. Kidevu kushoto, Pinki kulia, na mimi katikati na suti yangu, nimetoa meno yote nje.

Mke wangu alikuwa sebuleni anakata karatasi za rangi za watoto wake. Nilikuwa nimepanga kufoka, lakini sauti ilitoka nyembamba.

"Mke wangu, kosa langu nini?"

"Kosa gani tena?"

"Umenipeleka koridoni."

Akaweka mkasi chini. "Kwani kwenye ile picha uko peke yako? Na mimi nimejistaafisha?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Akanivuta mkono mpaka ukutani, akakibandika kiganja changu pale picha ilipokuwa. Ukuta ulikuwa umelowa chepechepe.

"Bomba linavuja humo ndani. Nimekwambia, ukasema kesho. Nikakwambia tena, kesho. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini wewe hata wembe hujautafuta. Ulitaka picha ioze?"

Masikio yalinichoma kwa aibu. Lakini hofu haikuondoka, nikaona bora niulize yote nijue moja.

"Na wale walikukosea nini? Mmoja kapona, mmoja kaimba vizuri, mmoja karudi salama, na wote umewatoa."

Alicheka kwanza, kisha akaona sicheki.

"Darasani nina watoto wengi na mgongo mmoja," akasema. "Anayelia ndiye ninayembeba. Akinyamaza namweka chini akacheze, nambeba mwingine. Wa sasa kule kabatini ni kitinda mimba wao, wimbo mzima wanampa mstari mmoja, tena wa kuitikia. Wale wa koridoni siwachukii hata kidogo. Nimewaweka chini kwa sababu wanaweza kutembea."

Nikalivuta shati lishuke.

"Na mimi? Miaka yote hii bado sijafika koridoni, kwa nini?"

Akanitazama, shati linalobana, manukato, kiganja kinachodondosha maji.

"Wewe," akasema, "kila nikikuweka chini, unalia."