Mume Wangu Anauza Chai ya Kupunguza Mwili kwa Picha Yangu

Admin, tafadhali lifiche jina langu. Mwili wangu umeshaonwa na watu wa kutosha, angalau jina libaki langu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, naishi Kisumu na nashona nguo kwenye kibanda changu karibu na soko. Nilipojifungua mtoto wa pili nilinenepa sana. Nikipanda ngazi natweta, magoti yananiuma, na kliniki wakaniambia presha imeanza kupanda. Mume wangu, nitamwita Baba Junior, hakunitukana. Aliacha tu kutembea na mimi. Tukienda kanisani anatangulia mbele kama mtu asiyenijua.

Jirani akanipeleka kwa kikundi cha akina mama wanaofanya mazoezi asubuhi kwenye uwanja mmoja kule Milimani. Kocha wetu, Madam Rose, hakutuanzisha na mbio. Alituambia, "Tembea haraka, mpaka uweze kuongea lakini kuimba kukushinde." Baadaye akaongeza kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta kwa mikono, kuruka kamba, na siku za kupumzika pia, maana alisema mwili unajengeka ukipumzishwa. Nyumbani nikapunguza ugali, nikaongeza mboga, samaki wa kukaanga akawa wa kuchemsha. Miezi ilipita kabla mtu yeyote hajaona tofauti. Kuna asubuhi nilikaa kwenye nyasi nikalia. Lakini baada ya muda nguo zangu zote nilizipunguza kwa cherehani yangu mwenyewe, na presha ikatulia.

Nilijivunia. Baba Junior naye akaanza kutembea na mimi tena, hata akaja uwanjani kunipiga picha. Nikadhani ni mapenzi.

Mwezi uliopita wifi yangu Akinyi, dada mdogo wa mume wangu anayeishi Muhoroni, alinipigia simu akicheka.

"Wifi, nimeanza dawa yako."

"Dawa gani?"

"Chai ya kupunguza mwili. Si ni wewe uko kwa tangazo? Wamekuficha uso, lakini hiyo shuka uliyolalia ni mimi niliwaletea."

Akanitumia hilo tangazo. Lilikuwa na picha mbili. Moja ni ile ya uwanjani. Nyingine sikuwa nimewahi kuiona maishani mwangu. Nimelala mchana, nguo imepanda mpaka kifuani, tumbo limemwagika upande. Nilikuwa nimepitiwa na usingizi nikinyonyesha. Mtoto ameondolewa kwenye picha, lakini vidole vyake vimebaki pale, vimeshika titi langu. Chini wameandika kwamba mama huyu alikunywa chai yetu tu, hakufanya zoezi lolote. Nambari ya kuagiza ni ya mume wangu.

Nilifunga kibanda mapema nikaenda nyumbani kumngoja.

Jioni nilimwuliza. Alikuwa anakula omena, wale dagaa wa ziwani, na hakuacha kula.

"Uso si nimefunika?"

"Ulinipiga picha nikinyonyesha."

"Ah, hiyo ni ya kitambo. Nilikuwa naonyesha marafiki vile umebadilika. Sasa si imetusaidia?"

Yaani nilipokuwa nalea mtoto wake, yeye na marafiki zake walikuwa wakipitisha tumbo langu kwenye simu wakicheka. Hiyo chai inapakiwa na binamu yake kule Dunga. Ni majani ambayo hata wao hawayajui vizuri, wanayachanganya na dawa ya kumfanya mtu aharishe. Aliniambia mwenyewe bila aibu: mtu akiharisha anaona tumbo limeshuka, atarudi kununua.

Nilimpigia Akinyi nikamsihi aache. Akasema, "Wifi, unataka uwe mwembamba peke yako?" Wiki hiyo hiyo alianguka sokoni. Alikuwa ameharisha mpaka hana nguvu ya kusimama, akalazwa na kuwekewa maji. Ametoka hospitali, lakini bado anatembea akishika ukuta.

Nikaandika chini ya tangazo kwamba huyo mama ni mimi, na kwamba sijawahi kuonja hiyo chai. Baba Junior alifuta, akanifungia nisiweze kuandika tena. Halafu akamwambia mamake kwamba biashara ni yangu. Mama mkwe alinipigia akilia, "Nyathina, mwanangu, tulikukosea nini mpaka ukampa mtoto wangu sumu?" Mume wangu alikuwa amekaa kando yangu, anasikia yote, ameweka kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze. Na mimi, kwa mshtuko, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nalala chumba cha watoto. Akinigusa bega nauondoa mkono wake. Hata kikombe alichonywea nakiosha mara mbili.

Sasa Jumapili tunatakiwa kwenda Muhoroni, nimwombe Akinyi msamaha mbele ya familia yote. Baba Junior anasema nikubali tu, eti mke akikosea watu husamehe haraka, lakini mamake akijua ni yeye, hatamruhusu kukanyaga boma hilo tena. Anaahidi nikibeba hilo kosa ataacha kuuza. Juzi uwanjani mama mmoja mnene, tuliyeanza naye kutembea, alimuaga Madam Rose. Amechoka na kuchuchumaa, anasema atapita njia ya mkato niliyopita mimi, yaani ile chai. Nilimfuata mpaka kwenye lango nikimweleza. Aliniangalia kama mwongo.

Ndugu zangu mnaosoma, mnishauri kabla ya Jumapili. Nimpigie Akinyi magoti kwa sumu aliyouziwa na kakake wa damu, ili watoto wangu wabaki na baba? Au nisimame mbele ya mama mkwe niseme kila kitu, hata kama nitarudi Kisumu bila ndoa?