Isale Nililopeleka Kaloleni

Nilikalia kiti cha hakimu wa mahakama ya mwanzo miaka kumi na minne, huku chini ya Mlima Meru, na sikuwahi kupokea rushwa. Nalisema mapema kwa sababu ndilo nililolisema kila nilipokwenda kuomba kura, na leo halinisaidii kitu.

Shauri lenyewe lilikuwa la mirathi. Mama mmoja mjane alimshtaki shemeji yake, aliyetaka kumtoa kwenye kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ushahidi ulikuwa wazi. Wazee wa baraza waliokaa nami walishatoa maoni yao: mama abaki. Kazi yangu ilikuwa kuandika hukumu na kuisoma.

Niliiahirisha mara tatu. Ubunge ulikuwa umeniingia kichwani, nikisubiri tu msimu wa kuchukua fomu ili niandike barua ya kuacha kazi. Shemeji mtu alikuwa mzee wa kanisa, ana ukoo mkubwa, na wajumbe wengi wa chama pale kijijini walimsikiliza yeye. Mjane naye alikuwa na wanakwaya wenzake, na baadhi yao walikuwa wajumbe vilevile. Sikutaka kumuudhi yeyote. Nikajifanya mjanja, nikawaita wote wawili.

"Hili ni jambo la familia," nikasema. "Nendeni mkalimalize kwa mila."

Nilijua nilichokuwa nafanya. Huku kwetu aliyekosa akimpelekea aliyemkosea jani la isale, ule mmea tunaoupanda mipakani, msamaha haukataliwi. Shemeji alifika nalo Jumapili baada ya ibada, mbele ya ukoo mzima, akaapa kwamba hatamgusa tena. Mama akalipokea. Jumatatu akaja mahakamani kuondoa shauri.

"Una hakika, mama?" nilimuuliza.

"Si ndivyo ulivyotuambia, mheshimiwa?"

Nikaandika kwamba shauri limeondolewa. Nilifurahi, na naona aibu kulisema. Wiki ileile nikaacha kazi.

Kwenye kura za maoni niliambulia kura chache mno. Shemeji mtu aliwapeleka wajumbe wake kwa mgombea mwingine, wala hakunipigia hata simu. Kabla ya mvua za vuli kahawa ya mama ilikuwa imeng'olewa na mlango wake umetiwa kufuli jipya. Kurudi mahakamani hakuthubutu, maana ukoo ungesema amevunja msamaha alioupokea mbele yao.

Nilimkuta mama mjini, mtaa wa Kaloleni, kwenye chumba cha kupanga, akimenya viazi vya muuza chipsi. Asubuhi nilikuwa nimekata isale shambani kwangu, nikalizungushia gazeti kwa sababu niliona haya kutembea nalo mjini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Alilitazama lile gazeti, akajua. Nikalifungua, nikamwambia kwamba hukumu ilikuwa yake tangu mwanzo na mimi ndiye niliyeogopa kuisoma. Hakuonekana kushangaa. Alifuta mikono kwenye kanga, akainyoosha yote miwili, akalipokea jani kwa adabu.

"Nimekusamehe, baba," alisema. "Hata lile la kwanza nililipokea hivihivi."

Akaliweka dirishani, akachukua kisu, akaendelea na viazi vyake.