Sijambo ya Fundi Cherehani

Zamani mtu akiulizwa hali alijibu "njema" hata akiwa anatetemeka kwa homa, na aliyeuliza alijua kuchuja. Siku hizi jibu hilo linapigwa muhuri.

Muhuri niliupiga mimi. Nilikuwa karani wa ustawi wa jamii, mtu wa darasa la nne. Mengine nilijisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari.

Jirani yangu, fundi cherehani, alianguka akiziba paa lake, miguu ikafa. Kwa miaka sita posho ya ulemavu ilimlipa mama mmoja wa kumwosha na kumgeuza mchana, binti wa fundi akaweza kwenda zahanati kuzalisha wanawake wa mtaa wetu.

Kisha kanuni zikabadilika: kila anayepokea ahojiwe upya, na majibu yake mwenyewe yaandikwe neno kwa neno.

Binti alimsukuma kwenye kiti chake hadi mezani kwangu, shati limepigwa pasi.

"Hali yako, fundi?"

"Sijambo kabisa, kaka! Wewe je? Suruali hiyo inalia. Niletee niitanue."

Tukacheka.

"Una shida yoyote?"

"Shida za nini? Tunamshukuru Mungu."

"Baba, sema ukweli!" binti akadakia. "Hata kujigeuza kitandani huwezi."

"Nyamaza, mama. Mbele za watu?"

Mkaguzi aliyetumwa kusimamia mahojiano alikuwa amesimama nyuma yangu. Ningeweza kuuliza tena. Fundi nilimjua tangu tukiwa vijana. Nilijua ile ilikuwa salamu tu, na haya ya mwanamume mbele ya watu. Nikaandika: *Sijambo kabisa. Shida za nini?*

Posho ikakatwa. Yule mama akaenda zake. Binti akaacha kazi amuuguze baba, na wajawazito wetu wakaanza kumfuata mkunga mji wa pili. Mmoja alijifungulia njiani. Lakini binti alikuwa peke yake, na mkono mmoja hauinui mtu mzima. Vidonda vya mgongo vikamlaza fundi miezi mitano katika hospitali ya serikali, kwa dawa za umma. Ofisi yetu ikapongezwa kwa kubana matumizi. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu.

Mara ya mwisho niliwaona mlangoni mwa wodi, fundi amelazwa kifudifudi kwenye kitanda cha magurudumu. Binti, aliyeniamkia tangu utotoni, alinitazama asiseme shikamoo. Fundi ndiye aliyegeuza shingo.

"Hujambo, kaka?"

"Sijambo," nikajibu.

"Haya, andika."