Bluu ya Kipupwe

Ukitaka kumuuzia Germana kitu, njoo umeshiba, maana mtasimama hapo mkivutana bei mpaka jua liegemee. Ndivyo alivyotoka kwao Chemba na beseni la karanga kichwani, akaishia kuwa na kibanda cha kuchapa fulana Dodoma mjini: za misiba, za mahafali, za kampeni. Kazi yake ilikuwa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba cha wavu. Unaziba pasipotakiwa, unamwaga rangi, unaikokota kwa mpira, picha inashuka. Miaka kumi na minne ilimlisha. Kisha zikaja mashine za kompyuta, fulana moja dakika mbili, na wateja wakahama bila kuaga.

Hakulia. Kilio hakina mnunuzi. Alitazama alichobaki nacho: fremu, mkono, na nakshi ambazo bibi yake alikuwa akichora kwenye vibuyu kwa chuma cha moto. Akaamua kuchapa hereni.

Alikata vipande vya kibuyu mviringo, ukubwa wa kifuniko cha soda. Shida ni kwamba kibuyu kina mgongo: wavu uliokazwa unagusa katikati tu, pembeni hapapati kitu. Akaulegeza wavu, akavilaza vipande kwenye trei la mchanga mbichi visicheze, akachapa. Vikakubali. Rangi nayo hakununua. Alichemsha maganda ya zabibu aliyopewa na Edward, kibarua wa kukamua mvinyo Makutupora, akayakaza maji yake kwa utomvu wa mgunga. Ikatoka zambarau. Aliposuuza kwa maji ya chumvi ya kisima cha nyumbani, ikageuka bluu, bluu ambayo hakuwahi kuiona kwenye kopo lolote.

“Hiyo itadumu?” aliuliza Shamimu, muuza mitumba wa kibanda cha jirani.

“Nitazivaa mwenyewe. Zikinichafua, nicheke.”

“Nikucheke mara ngapi, shoga? Juzi ulikuja na bangili za mifupa, mbwa wakala mtaji wote.”

Akazivaa Juni, Julai na Agosti nzima, masikio yote mawili. Bluu haikutikisika. Septemba akazipeleka kwa Usha, mama mtu mzima mwenye duka la mapambo karibu na soko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, Germana. Umeniletea nini leo?”

Usha alizishika, akazigeuza, akazisugua kwa kidole gumba. Akasema ataanza na jozi ishirini.

“Ishirini ni za kuonja, mama. Mia mbili, au nampelekea mwingine.”

“Mwingine nani?”

“Mzigo ukishafika kwake, utamjua.”

Usha alicheka. “Mia mbili, haya. Lakini ikirudi jozi moja kwa ubovu, zinarudi zote.”

Hilo Germana alilikubali hapo hapo. Katika maisha yake yote lilikuwa sharti la kwanza kulipitisha bila kuvutana. Wiki ile ile akamwachia Shamimu kibanda, apate muda wa kukata na kuchapa nyumbani. Kurudi kwenye fulana hakukuwepo tena. Hereni zikikubalika, yeye ni mchapaji. Zikikataliwa, si mchapaji wa kitu chochote.

Oktoba ikaingia, mia mbili zikiwa tayari dukani kwa Usha, na jua la Oktoba Dodoma halina mjomba. Tarehe tisa Usha akamwita, akatandaza juu ya kaunta blauzi nyeupe.

“Ni ya mwalimu mmoja. Alizivaa harusini, akacheza. Tazama kola.”

Kola ilikuwa na madoa ya rangi ya chai iliyopoa. Hereni zenyewe zilikuwa zimebaki na kivuli cha nakshi, kama kovu la ndui.

Germana alielewa kabla hajaulizwa. Kipupwe hakuna anayetoka jasho. Yeye, aliyekulia humu humu, amejaribu kitu upepo ukiwa baridi, akaja kukiuza jua likiwa kali! Mgeni wa jana angesamehewa.

“Nipe wiki moja, mama.”

“Chukua mbili.”

Ukarimu ule ulimtisha kuliko matusi. Alijaribu ute wa yai: ukapasuka. Nta: ikayeyuka shingoni. Vanishi ya samani: bluu ikawa nyeusi, kama kitu kilichookotwa motoni. Siku ya kumi na nne alikwenda mikono mitupu.

“Mkono wako hauna kosa,” Usha alisema. “Rangi ndiyo imekusaliti. Zote zinarudi, kama tulivyokubaliana. Sasa sikiliza. Mwanangu Dharmesh ana mashine ya kuchapa. Anataka vipande vitupu, nakshi atapiga mwenyewe.”

“Nakshi gani?”

“Maua. Anayo kwenye kompyuta.”

Germana akafanya anachokijua: akataja bei mara tatu ya haki. Wakavutana mpaka chai ikapoa mara mbili, na bei aliyotoka nayo ilikuwa nzuri, nzuri mno kwa kipande kisicho na kitu.

Jumamosi alikuwa Haneti, kwa mkulima Bartolomayo, akigongagonga vibuyu kimoja kimoja na kuvitafutia kasoro. Alimshusha bei mpaka mzee akaketi juu ya gunia.

“Wewe mama ni mwiba. Na vyote hivi unavifanyia nini?”

“Nakata mviringo.”

“Halafu?”

“Halafu basi,” alisema Germana, akaanza kuvipakia.