Wadachi au Waholanzi

Apolonia anachora mabango Mlandege, Iringa. Kazi alijifunzia Mbeya, kwa fundi wa Kinyakyusa aliyeitwa Ambokile, mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa tahajia. Siku moja Apolonia aliandika "Wanyakusa" kwenye bango la chama cha kuzikana. Ambokile akalipaka lote rangi nyeupe, akamwambia aanze upya, kwamba hiyo "y" watu wale wamezaliwa nayo. Tangu hapo, likija suala la jina la watu, Apolonia hapelekeshwi na mtu.

Mwezi wa saba Jofrey, katibu wa usharika, alimletea kazi. Kwaya ilikuwa inakuja kutoka Uholanzi, na bango la getini lilitakiwa lisomeke: KARIBUNI WAGENI WETU WADACHI. Apolonia akaisoma karatasi mara mbili, akaweka brashi chini, akauliza kama wageni ni Wajerumani. Jofrey akasema hapana, ila barua yao ya Kiingereza inawaita "Dutch", naye ametafsiri.

Apolonia akamweleza taratibu. Mdachi ni Mjerumani. Walipokuja na bunduki zao walijiita Deutsch, na wazee wakalitamka walivyolisikia. Waingereza ndio waliolichukua neno hilohilo wakawabandika majirani zao wa Uholanzi. Lakini Waholanzi sisi jina lao tulilipata pwani, kwa Wareno, zamani kabla Mjerumani hajaiona Iringa. Jofrey alisikiliza, kisha akasema kamati imeshapitisha, na wageni wenyewe hawatajua tofauti.

"Jumamosi mnawapeleka wapi?" Apolonia akauliza.

"Kalenga, mama. Wataimba kule."

"Mimi nimezaliwa Kalenga. Bibi yangu akisema Wadachi, alikuwa anawasema waliopiga mizinga ngome ya mtemi wetu Mkwawa. Sasa unataka niwaandikie wageni wako jina hilo, halafu uwapeleke wakaimbe palepale?"

 Jofrey akatoka nje, akampigia simu mwenyekiti, akarudi na kusema aandike anavyojua yeye.

Wageni walipofika, mama mmoja mrefu alisimama getini akilisoma bango: KARIBUNI WAGENI WETU WAHOLANZI. Alikuwa amefanya kazi ya ukunga Mbeya miaka minne, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alishukuru, halafu akasema kwa haya kidogo kwamba Holland, lilikotoka jina hilo, hasa ni mikoa miwili tu ya nchi yao, na yeye hatoki huko. Kwao ni mkoa wa Friesland.

Apolonia alicheka mpaka akashika kiuno. Akamwambia asijali, maana yeye mwenyewe ni Mhehe, na wazee husimulia kuwa jina hilo lilitokana na ukelele wa vita, "hee, hee". Majirani waliopigwa ndio waliolishika, Wajerumani wakaliingiza kwenye vitabu vyao, likakaa.

"Nalo nalipenda," akasema. "Wewe kwenu mnajiitaje?"

Mgeni akalitamka jina mara tatu, polepole. Apolonia akachukua kipande cha mbao, akaandika kwa rangi ya bluu: NA WAFRISI. Akakipigilia misumari chini ya bango.

Jioni Jofrey alikiona, akauliza neno hilo limepitishwa na nani.

"Na wenyewe," Apolonia akajibu, akaendelea kuosha brashi zake.